Mji Uliojengwa kwa Mchango: Safari ya Beni na Butembo

Dereva mmoja wa lori, mzoefu wa njia ya Mombasa hadi Kasindi, ndiye aliyenitia hamu ya safari hii. "Wewe mtu wa Marangu," aliniambia, "nenda Butembo ukawaone wenzenu. Mlima wanao, migomba wanayo, kahawa wanayo, na biashara hawaiachi hata vita vikiwa mlangoni." Maneno hayo yalinikaa moyoni. Sisi wa Kilimanjaro tumezoea kusifiwa kwa kuchakarika, nasi tumezoea kuamini kwamba sifa hiyo ni yetu peke yetu. Nimerudi nikijua kuwa nyuma ya Rwenzori, upande wa Kongo, wapo watu waliojenga mengi kuliko sisi kwa msaada mdogo kuliko tuliopata, katika nchi ambayo serikali yake ama ilikuwa mbali, ama ilikuwa vitani.

Kutoka Kasese, Uganda, barabara inaambaa na mlima huo mkono wa kulia, kilele chake cha mita 5,109 kikiwa kimejifunika mawingu karibu siku nzima. Mpaka wa wakoloni umeupasua mlima huu katikati, lakini watu wake hawakupasuka. Upande wa Uganda wanaitwa Wakonzo, upande wa Kongo wanaitwa Wanande, na wengi wao hupenda kujiita Wayira. Lugha zao zinasikilizana, na majina yao yanafuata utaratibu mmoja, ule wa zamu ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa pili ni Kambale kule Kongo, ni Bwambale huku Uganda. Wa tatu ni Kasereka au Masereka. Binti wa kwanza ni Masika pande zote mbili, wa pili ni Kavira au Biira, wa tatu ni Kavugho au Kabugho.

Mama niliyekaa naye kiti kimoja garini alikuwa binti wa tatu, na alipoona nafuatilia jambo hilo alinipa habari za nyumba yao nzima. "Mukubwa wangu alikufa," alisema. "Ule wa pili iko Kampala. Sasa nyumbani mukubwa ni miye." Kwetu Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na anayemfuata hupewa la babu mzaa mama, kwa hiyo jina humfunga mtu na waliotangulia. Kwa Wanande jina humfunga mtu na ndugu wa tumbo moja. Kabla hujajua kazi ya mtu wala kijiji chake, umeshajua amepokea zamu gani na nani yuko mbele yake. Baadaye, nilipoona jinsi watu hawa wanavyofanya biashara, nilikumbuka kwamba mtoto wao hujifunza tangu utotoni kuwa yeye ni wa ngapi katika kundi.

Tulifika Mpondwe wakati wa soko. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na siku ya soko watu huuvuka kama wanavuka mtaa, wamebeba vitenge, madumu ya mafuta, kuku na magunia ya maharage. Upande wa Uganda, si mbali na hapo, ipo shule ya sekondari ambayo usiku wa tarehe 16 Juni 2023 ilivamiwa na wapiganaji wa kundi la waasi la ADF. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Wapo wazazi ambao bado wanauza na kununua katika soko hilo hilo.

Biashara ya mpaka huu ni kongwe kuliko mpaka wenyewe. Kabla ya malori kulikuwa na chumvi. Ziwa la Katwe, karibu na Ziwa Edward, lilikuwa chemchemi ya chumvi ya eneo lote hili, na watu wa milimani waliteremka na vyakula vyao na kupanda nayo vichwani. Leo Kasindi, ng'ambo ya mto, inapokea kontena za saruji, mabati, pikipiki na nguo kutoka Mombasa, na magari yanayorudi hubeba kahawa, kakao na mbao. Mzigo umebadilika, lakini njia ni ile ile.

Hapo Kasindi nilijifunza somo la kwanza la fedha ya Kongo. Mbadilisha fedha aliichukua noti yangu ya dola ishirini, akainyanyua kwenye mwanga, akapitisha kidole ukingoni, akanirudishia. Kulikuwa na mpasuko mdogo, pengine milimita mbili. "Hii hapana, papa," alisema kwa upole. Kisha akatoa kutoka mfuko mwingine burungutu la faranga za Kongo, nyingine zimeungwa kwa gundi ya karatasi, nyingine zimelegea hadi picha haionekani, akazihesabu bila kuuliza neno. Faranga mbovu hupita kwa sababu kila mtu hapo ameshakubali kuipokea. Dola hukaguliwa kwa sababu itakwenda kwa watu wa mbali wasiofahamiana na anayeilipa. Hesabu hiyo ya nani anaaminika na nani hajulikani niliikuta kila mahali nilipopita.

Kutoka Kasindi gari lilipita ukingoni mwa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Tukavuka mto Semliki, mwembamba na wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha tukaanza kuona wanajeshi. Jeshi la Uganda liliingia huku Novemba 2021 kushirikiana na lile la Kongo dhidi ya ADF, na mwaka huo huo nchi hizo mbili zilianza mradi wa kuitia lami barabara ya Beni na kipande cha Butembo. Abiria walinyamaza mahali fulani, nami sikuuliza. Yule mama niliyekaa naye alishika rozari. Tulipopita eneo hilo mazungumzo yakarudi, na mtu akagawa ndizi.

Beni ni mji wa joto la wastani na michikichi. Kando ya barabara mbegu za kakao zimeanikwa juu ya maturubai, na harufu yake ya uchachu inakufuata hadi sokoni. Wazee wanasema zamani hapa palikuwa pa kahawa ya robusta. Ugonjwa wa mnyauko ukaiua mikahawa, watu wakahamia kwenye kakao, na kakao ikawalipa vizuri. Lakini kakao hustawi kwenye kivuli cha msitu, na msitu ndiyo maficho ya wauaji. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimekuwa vikishambuliwa, mara nyingi watu wakiwa mashambani, na msimu wa mavuno umekuwa msimu wa hofu. Mkulima mmoja alinieleza kuwa ana shamba ambalo hajalikanyaga muda mrefu. Analijua kwa miti, aliniambia, mti baada ya mti, na anajua pia kwamba kuna mtu mwingine anayevuna.

Beni si mji wa kabila moja. Wanande ndio wengi, lakini wako Wapakombe na Wambuba, Watalinga kutoka chini ya Rwenzori, Walese wa upande wa msituni, na Wambuti, ambao msitu huo ulikuwa wao kabla ya wote. Wanande wengi waliteremka kutoka milima ya Lubero, ambako ardhi ilijaa watu hadi mtoto wa nne hakupata pa kulima. Jambo hilo nililielewa bila kuelezwa. Kihamba cha babu yangu kiligawanywa kwa watoto wake, wakakigawa kwa watoto wao, na sasa kila mmoja ana kipande ambacho hakiwezi kumlisha. Kule kwetu suluhisho lilikuwa Dar es Salaam, Arusha na duka. Kwa Wanande lilikuwa msitu wa Beni na duka la Butembo.

Mtanzania akijitambulisha Beni, hapokewi kama mgeni wa kawaida. Desemba 2017, katika kituo cha Umoja wa Mataifa huko Semuliki, ADF waliwaua askari wa kulinda amani wa Tanzania wasiopungua 14. Watu wa Beni wanaikumbuka siku hiyo. Mzee mmoja muuza vitabu vya shule aliniambia pole, kana kwamba msiba ulitokea wiki iliyopita, akakataa nilipie soda.

Lakini pole hiyo haikufuta lawama. Kwa miaka mingi wameona magari meupe ya kigeni yakipita na mauaji yakiendelea, na ndiyo maana Julai 2022 hasira dhidi ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, ililipuka katika miji ya Kivu, na huko Butembo watu wakafa. Lazima tuikumbuke lawama hiyo kongwe ndipo tuelewe yaliyotokea awali, wakati wa Ebola. Ugonjwa huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, magharibi mwa Beni. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Hakuna mlipuko wa Ebola mkubwa kuliko huo katika historia, isipokuwa ule wa Afrika Magharibi.

Chanjo ilikuwepo, wataalamu walikuwepo, fedha zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa imani. Watu waliokuwa wamelilia ulinzi kwa miaka minne bila kusikilizwa waliona, ghafla, misafara ya magari ikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 serikali ikaahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais akaapishwa bila kura zao. Wakazi wa Beni walijipanga wakapiga kura yao wenyewe ya mfano, ili ionekane kwamba wapo. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumshawishi mtu kwamba ugonjwa huo si mbinu ya siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa na kushambuliwa. Aprili daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni, aliuawa kwa risasi akiwa kazini Butembo.

Ugonjwa ulishindwa pale kazi ilipokabidhiwa watu wanaojulikana mtaani: wauguzi wa hapo hapo, wachungaji, mapadri, viongozi wa vijana, na zaidi ya wote wale waliopona. Waliopona walikuwa na kinga, kwa hiyo waliwalea watoto ambao mama zao walikuwa wodini. Mpaka leo kwenye milango ya baadhi ya zahanati na maduka kuna ndoo yenye bomba la maji ya dawa. Watu hunawa bila kuambiwa, kisha husalimiana.

Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita zipatazo 54, na karibu njia yote ni kupanda. Michikichi inaisha, mikaratusi inaanza, ukungu unashuka barabarani kuzunguka Maboya, na mtu anatafuta sweta ingawa ikweta iko jirani kabisa. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, imetandazwa juu ya vilima vyekundu. Mara ya kwanza kuuona nilishangaa ukubwa wake. Huu ni mji wa mamia ya maelfu ya watu, una maghorofa ya vioo kwenye barabara kuu, na ukiingia mtaa wa nyuma unakuta udongo mtupu, chukudu, zile skuta za mbao, zilizosheheni mizigo zikiteremka kwa kasi, vijana wakizibana breki kwa visigino.

Mji huu haukuanza kama ngome wala makao ya mtawala. Ulianza na kambi ya Minière des Grands Lacs, kampuni ya Wabelgiji iliyokuwa ikichimba dhahabu, na soko lililokua kando yake. Wachimbaji walihitaji chakula, na milima ya Lubero inaotesha karibu kila kitu: viazi, kabichi, liki, vitunguu, maharage, hata ngano. Wanande walilisha migodi, kisha wakalisha miji. Katika miaka ya 1970 na 1980 mboga zao zilisafirishwa kwa ndege hadi Kinshasa. Faida ikaleta lori, lori likaleta safari ya Kampala na Mombasa, na baadaye zikaja safari za Dubai na Guangzhou. Dola ilipotoweka benki na serikali ya Mobutu ikaanguka, watu hawa walikuwa wameshajua kuishi bila vyote viwili.

Mwenyeji wangu anauza mabati na vifaa vya ujenzi. Nilikaa dukani kwake asubuhi moja nikamwona akifanya kazi. Alikuja kijana kutoka kijiji cha upande wa Musienene, akachukua mabati ishirini na misumari, akaondoka bila kulipa. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Mwenyeji wangu aliandika mstari mmoja kwenye daftari lenye jalada la kitambaa: jina, mzigo, na jina la baba wa kijana huyo. Nikamuuliza, je, asipolipa? Akanitazama. "Baba yake atalipa. Baba yake akishindwa, kaka yake atalipa. Na kama wote wanashindwa, nani atawaamini tena mu Butembo?" Kontena zake pia haziji kwa mtaji wa mtu mmoja. Wafanyabiashara kadhaa huchanga, mmoja husafiri China kwa niaba ya wote, na mzigo ukifika hugawanywa kwa hesabu ya kila aliyetoa. Anayedanganya mara moja hapelekwi mahakamani. Hatumwi tena, na huku hiyo ni adhabu kubwa kuliko kifungo.

Niliona mchango huo huo kila nilipogeuka. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989, kipindi ambacho serikali ya Zaire ilikuwa ikishindwa kulipa walimu, nacho kimewatoa madaktari, wanasheria na wataalamu wa kilimo wa eneo hili. Uwanja mdogo wa ndege wa Rughenda ulitokana na nguvu za wenyeji. Kwa miaka mingi umeme ulikuwa jenereta la kila nyumba yenye uwezo. Wafanyabiashara wakachangishana kuanzisha kampuni, na siku hizi sehemu ya mji inapata umeme wa maji kutoka Luviro, Lubero. Barabara za mitaa hutengenezwa kwa salongo, kazi ya pamoja ambayo kwetu tunaijua kama msaragambo, na iliyowawezesha mababu zetu kuchimba mifereji ya maji kutoka mlimani.

Ukiuliza nani aliwafundisha, wengi watakutajia Emmanuel Kataliko. Alikuwa askofu wa Butembo-Beni tangu mwaka 1966, na aliwahimiza waumini watengeneze barabara na kujenga shule na hospitali bila kungoja mtu wa Kinshasa. Baadaye alihamishiwa Bukavu kuwa askofu mkuu. Krismasi ya 1999 aliandika barua kuulaani uporaji na ukandamizaji wa wakati wa vita. Waasi waliotawala huko wakamzuia kurudi jimboni kwake, na kwa miezi kadhaa ya mwaka 2000 alikaa uhamishoni Butembo, nyumbani kwao. Alifariki Italia Oktoba mwaka huo huo. Picha yake niliikuta dukani, ofisini na sebuleni, mara nyingi juu ya daftari la madeni.

Mezani pia nilijiona nyumbani, ingawa si kabisa. Ugali wao ni wa muhogo, laini na wa kunata, unaliwa na sombe iliyopikwa kwa mawese, au na samaki wa Ziwa Edward kutoka Kyavinyonge. Maharage yao mazuri ajabu. Kasiksi, pombe ya ndizi, ni dada wa mbege yetu. Mahari yao inahesabiwa kwa mbuzi, na mazungumzo ya posa niliyohudhuria yalinikumbusha ya kwetu hadi kwenye ukaidi wa mashangazi. Jambo moja lilinisikitisha: kahawa. Miteremko ya hapa inatoa arabika nzuri sana, lakini nyumbani kwa mkulima nilikunywa chai. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba kahawa ni ya kuuza. Hata Marangu, baada ya miaka yote ya ushirika wa KNCU ulioanzishwa mwaka 1933, jibu ni hilo hilo.

Nisije nikaeleweka kwamba Butembo ni pepo. Mji unaojengwa kwa mchango humpendelea mwenye cha kuchanga. Nyuma ya maghorofa ya wafanyabiashara kuna mabanda ya mbao yasiyo na maji, na mgeni asiye na baba wa kuandikwa kwenye daftari hupata taabu kukopeshwa. Na wageni wa namna hiyo sasa ni wengi. Mwaka 2024 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walisonga kaskazini, wakachukua Kanyabayonga na kuingia katika ardhi ya Lubero. Januari 2025 Goma, makao makuu ya jimbo, ikaanguka, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Watu waliokimbia walipanda milima wakaingia Butembo, wakapokewa na ndugu, na wasio na ndugu wakapokewa na parokia. Familia niliyofikia ilikuwa na wageni wa aina hiyo kwenye chumba cha watoto. Mama mwenye nyumba hakuwaita wakimbizi. Alisema tu, "Batu ya kwetu," akaongeza unga chunguni.

Barabara ya Goma, iliyokuwa ikipeleka mboga, ilikuwa imekatika. Viazi vya Lubero vilikuwa vikioza kwenye baadhi ya mashamba huku bei yake ikipanda mjini. Mwenyeji wangu alinihesabia vizuizi ambavyo mzigo mmoja hupitia, na kila kizuizi kina mtu anayetoza: wengine wana sare, wengine hawana. Alilipa kwa wote, kwa sababu mzigo lazima ufike. Huko nyuma, wakati eneo hili lilipokuwa chini ya waasi wa Mbusa Nyamwisi, wafanyabiashara walifanya hivyo hivyo. Wamezoea kununua njia yao kila siku upya.

Hapo ndipo ninapoona mwisho wa uwezo wa mchango. Wanande wamechangia shule, chuo, uwanja wa ndege, umeme na barabara. Walipoachwa na benki, walijifanya benki wao kwa wao. Walipofutwa kwenye uchaguzi, walijipigia kura. Kama mtu angeweza kuchanga amani kama anavyochanga mifuko ya saruji, Beni na Butembo zingekuwa miji salama kuliko yote Afrika Mashariki. Lakini amani haipatikani kwa salongo. Inahitaji jeshi linalolipwa mshahara, mahakama inayohukumu, na majirani wasiowapa silaha wauaji.

Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwetu habari hiyo ilipokewa kama habari ya soko: watu wengi, madini mengi, bidhaa zetu zitauzwa. Kwa Wanande soko hilo lilikuwepo tangu enzi za chumvi, na hawakuhitaji mkataba ili kulifikia. Walichotarajia kutoka kwetu ni kile kimoja wasichoweza kujipatia. Askari wetu walikufa Semuliki kwa ajili hiyo, na mzee yule wa vitabu bado anatupa pole. Inatubidi basi sisi tunaouza mabati yanayoezeka nyumba za Butembo tuwaulize viongozi wetu, kwa sauti ile ile tunayodai ushuru wa mpaka upunguzwe, wamefanya nini ili mkulima wa Beni arudi kwenye kakao yake. Ujirani wa biashara tunao tayari. Ujirani wa kulindana bado tunadaiwa, na jina letu limeshaandikwa kwenye daftari.